Lumbesa

Isongole, Julai. Ukungu umeingia darasani
bila hodi, umeketi dawati la nyuma
pamoja na Subilaga Mwaijande,
na hakuna aliyemwuliza mgeni jina.

Kidato cha Kwanza B, sabini na wawili.
Wiki sita za kuwavusha zilikwisha
kama soda ya harusini.
Miaka saba wamesoma kwa Kiswahili,
lugha inayompa kazi kila aliyeajiriwa:
ba ni ba, asubuhi na jioni,
kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mtoto wa chekechea.
Kabla ya hapo, jikoni kwa bibi, Kinyakyusa.
Sasa nimesimama na chaki iliyolowa
nawaonyesha mlango wa tatu,
nawaambia elimu yote imewekwa huko.

Niliandika neno lao la usiku.
Herufi tano ubaoni; mdomoni zikafika tatu.
Wakatazamana.
Nikaandika la kisu:
mbele yake wamesimamisha herufi isiyokata.
Nikaandika la kujua,
na hata kujua kuna aliyejificha mlangoni.
"Nyingine zimekwenda wapi, mwalimu?"
Mimi, miaka kumi na moja kazini,
nikajibu: ndivyo lilivyo. Kariri.

Ndipo kutoka kwenye ukungu ikaja sauti,
ya kwanza tangu Februari:
"Hiyo ni lumbesa."

Darasa likacheka hadi bati likaitika.
Hakuna pale ambaye hajashika mdomo wa gunia
baba akilishonea kilemba,
viazi juu ya viazi, kamba juu ya kamba,
na tajiri kutoka mjini akalipa gunia moja
akaondoka na moja na nusu.
Lumbesa: kinachobebwa, kisichohesabiwa.

Tangu siku hiyo tunasoma hivyo.
Tunalipima neno, ngapi zimo ndani,
ngapi zimepandishwa juu.
Gwamaka hupita na penseli
akizifunga kamba herufi bubu.
Mkaguzi alipokuja akauliza
mbona anasikia Kiswahili kipindi cha Kiingereza.
Nikamwambia, huo ndio mzani wetu.
Hilo hakuliandika.

Lakini niseme na langu.
Ile Februari, mimi ndiye niliyekata kibao,
mbao ya msindano, kamba ya katani,
nikakiandika kwa rangi ya mlango wa choo.
Aliyeteleza akasema lugha ya kwao
alikivaa shingoni hadi mwenzake ateleze.
Subilaga alisema "ndaga"
kwa aliyemwokotea kalamu.
Ndaga tu.
Kilimkaa siku tatu,
maana wote walikwisha jifunza kunyamaza.
Na yeye akajifunza, kuwazidi.

Jana nimeona karatasi yake ya jiografia.
Swali la nne, udongo wa volkano. Tupu.
Sifuri nyekundu, imeviringwa vizuri,
kama Ziwa Ngozi ukilitazama kutoka ukingoni.
Nikamwita koridoni, nikamgeuzia swali.
Akaeleza moto wa kale wa Rungwe,
majivu yaliyooza yakawa chakula,
kwa nini shamba la juu halidai mbolea
na la bondeni linadai kama mkopo.
Dakika nane, mikono ikipanda mlima.
Udongo wenyewe ulikuwa kwenye kucha zake.

Sifuri ile tumpe nani?

Kibao nimekivunja, nikakitia jikoni.
Kilikuwa na utomvu bado; kilinitoa machozi
na chai haikuchemka.

Jioni hii ameniletea sentensi moja,
ya kwanza kuitunga mwenyewe kwa lugha ile.
Inasema baba yake anavijua viazi usiku, bila taa.
Katika usiku zimo herufi zote tano.
Katika kujua, ile ya mbele ameiacha
nje ya gunia.

Nimeshika kalamu nyekundu.
Huko chini barabarani lori linapakia,
nawasikia wakihesabu, mmoja, wa pili,
kwa Kinyakyusa.