Zamu ya Kufagia

Siku ya kwanza mwalimu aliita majina,
akafika kwangu akasita, kalamu hewani.
"Nabintu."
Nyuma wakadakia: "Na binti wa nani?"
Darasa likacheka, madawati yakaitikia.
Sikujua niwaambieje kwamba kwetu
jina hilo ni la mwenye vitu,
na kwamba vitu vyenyewe vilibaki Bukavu,
isipokuwa cherehani ya baba
na sufuria isiyo na mfuniko.

Siku ya pili nikasema "njala".
Nilikuwa nayo kweli, saa ya mapumziko,
lakini waliitazama L yangu
kama inzi kwenye uji.
Njaa, wakanisahihisha. Njaa!
Ajabu, tumbo lilikuwa lile lile,
likinguruma bila kuuliza herufi.

Nikajifunza. Masomo kumbe ni skuli,
tomati ni tungule, mkate ni boflo,
na "batoto" nikawa naivua
kabla ya kutoka nyumbani.
Time binti Vuai akanifunga ushungi,
pini mbili kazibana menoni,
akisema kwa pembe ya mdomo:
"Usitikisike, nitakudunga."
Nikatulia. Alinidunga hata hivyo.

Ya tatu, wahenga wamesema, mgeni mpe jembe.
Mimi nilipewa fagio,
zamu moja na Shaame wa Micheweni
aliyehamia Fuoni kwa mjomba wake,
ambaye kila akisema "nkono"
darasa humrudishia "mkono!" kama kwaya.
Tukafagia. Vumbi la chaki, maganda ya njugu,
kifutio cha mtu kilichotafunwa nusu.
Akaniuliza chini chini, bila kuniangalia:
"Kwenu ntoto mwamwitaje?"
"Mtoto. Wakiwa wengi, batoto."
Akalionja neno, polepole, kama embe asiyoijua.
"Batoto."
Hakucheka. Akaegemea fagio.
"Mie nkono wangu siukati," akasema,
akainama kuzoa taka.

Sasa kila asubuhi naitika kwa sauti
na mwalimu hasiti tena.
Jina lake Mwalimu Mgeni.
Kazaliwa Fuoni, kasomea Fuoni,
kaolewa nyumba ya tatu kutoka skuli,
na mtaa mzima unamwita Mgeni,
wala hakuna anayemuuliza
atarudi kwao lini.