Nyoka wa Nani

Jumamosi saa tisa tunaingia stoo ya duka la nyavu,
Mtaa wa Rufiji, nyuma ya marobota ya nailoni.
Tunapindua kreti la soda, tunatandaza ramani
niliyoichora kwa kalamu nne na rula ya shule.
Msimulizi ni mimi. Mlima ukiota, nimeuotesha mimi.
Bitegeko ni jitu la chuma, Nyamizi mwizi wa funguo,
na Jigna, mwenye stoo, ni mpiga upinde,
ndiye pekee anayekumbuka hesabu ya mishale.

Wiki nzima nilikuwa naandika Ufalme wa Mashariki.
Lango lake nililitia vina, nikalisoma nimesimama:

     Ndiyo nchi ya hariri, ya udi na ya ubani,
     watu wake ni wa siri, hucheka kichinichini,
     wazee wake mahiri, mafumbo tele kinywani,
     na nyoka wao hatari, hucheza mle kapuni.

Bitegeko akapiga makofi, akaacha katikati,
maana Jigna alikuwa anahesabu mishale
aliyokwisha kuihesabu.

"Majambia," akasema, "na vipini vya puani,
na mtawa anayeruka ukuta, na mnara wa mapaa saba.
Umeokota nchi tano, sita,
ukazichemsha sufuria moja kama makande.
Nani anauza misumari humo?
Nani anadaiwa?"

Sikuwa na jibu. Kaskazini, kwa mashujaa,
niliweka mwoka mikate mwenye mafua,
niliweka baba asiyesemezana na mwanawe.
Mashariki niliweka ukungu.

"Bibi yangu kazaliwa Magu, uani kwa jineri ya pamba.
Mvuvi akimpunja, humtukana kwa Kisukuma cha ndani.
Nyoka wa kuchezwa kamwona mara moja tu, Bujora,
na waliomcheza ni wa kwenu."

Juu ya bati korongo alikuwa anatembea,
kwata, kwata, kama mtu mwenye viatu vya kuazima.

Kweli. Babu yangu Ng'wandu alikuwa wa Bayeye.
Kadi ya posta ipo kabatini kwa baba:
kifua wazi, chatu shingoni, jina hakuna.
Aliyempiga picha hakuuliza,
hakujua kwamba mzee yule ni mweka hazina wa chama cha msingi,
kwamba anaogopa sindano,
kwamba chatu alikuwa na kikohozi mwaka ule
na babu alikesha naye, akimfunika gunia.

Kitabu tulichokitoa fotokopi kilikuwa na Kusini yake:
ngoma, mifupa, msitu usio na njia.
Siku ya kwanza tuliuchana ukurasa ule kwa hasira,
wote wanne. Jigna ndiye aliyeshika upande wa pili.

Halafu mimi, mjukuu, nikamtoa nyoka wa nyumbani
nikamtia kapu la jirani
ili awe wa ajabu.

Nikachukua kifutio. Jigna akanizuia mkono.
"Nyoka mwache. Mpe mwenyewe anayelipa pango."
Akarusha dadu la pande ishirini, likaingia chini ya marobota.
Tulilitafuta kwa tochi ya simu, hatukuliona,
tukakubaliana ilikuwa kumi na moja.

Kwa kumi na moja lango hufunguka nusu.
Ndani, mwanamke amekaa na daftari la madeni,
anakuna goti, hana fumbo lolote.
Nikasema kwa sauti yake: "Mnataka nyavu za inchi ngapi?"
"Kwani zipo za inchi ngapi?" akauliza Nyamizi.
Sikujua. Nikamtazama Jigna.
Jigna akaelekeza kidevu mlangoni.

Nikatoka na kalamu yangu mpaka mbele ya duka,
nikamkuta bibi yake anapima kamba kwa dhiraa,
jua limeshashuka nyuma ya mawe.
"Mwangaluka," nikamwamkia, nikijikaza.

Hakuinua macho.
"Hiyo ya asubuhi," akasema. "Jioni ni mwadila.
Wewe mtoto wa nani?"