Kilo Ishirini na Tatu

Fomu ilitaka uzito wa mtoto.
Mizani ya zahanati imekufa tangu Pasaka,
basi nikambeba Wetaka hadi stoo ya kahawa pale Budadiri,
tukamning'iniza kwenye ndoano
ndani ya gunia lililotobolewa matundu ya miguu,
na yeye, ambaye shingo humsaliti,
akacheka hadi mate yakamfika kifuani.

"Ishirini na tatu," akasema Gimei,
na kwa mazoea ya mkono
akaandika bei pembeni.
Akaifuta upesi. Nilikuwa nimeshaisoma.

Miaka tisa nimembeba.
Mgongo wangu ulijua alipoongezeka,
ulijua alipougua kabla paji la uso halijapata moto.
Lakini mgongo hauna muhuri.

Muhuri uko kwa mwenyekiti: elfu tano.
Picha mbili ndogo: elfu nne,
na mpiga picha anasema, "Mwambie atulie."
Mwambie wewe.
Boda hadi gombolola, kwenda na kurudi, nauli ya watu wawili;
nikiomba punguzo naambiwa huyu mtoto
hakai kama abiria, hakai kama mzigo.
Ruzuku ni bure. Imeandikwa hivyo ukutani.

Bi Nagudi wa maendeleo ya jamii
ana macho ya mtu asiyelala, na hakunidharau.
Aligeuza karatasi. "Mama, pesa hii hapewi mtu.
Hupewa kikundi. Watano, na mradi,
na katiba, na akaunti."
Katiba ya nini?
Hakujua vizuri, ila iwe kurasa tatu.

Watano! Kijijini kwetu
nilimjua mmoja, naye ni wangu.
Nikarudi nikibisha hodi.
Kwa kina Khainza walisema hapa hakuna,
na nyuma ya ukuta kitu kikagonga sufuria mara tatu.
Kwa fundi cherehani, pazia lilipumua.
Kwa mwalimu, ndiyo, kwa mwalimu,
chumba cha uani, na msichana wa miaka kumi na minne
ambaye jina lake sikuwahi kulisikia kanisani wala kisimani.
Neumbe. Miguu yake imelala kama kamba mbili.
Aliniuliza kama kahawa imeshachanua.

Nilikwenda kutafuta idadi, nisiseme uongo.
Wawili, watatu, wanne: niliwahesabu
kama mchuuzi anayekusanya chenji.
Aibu ilinikuta njiani, kwenye mteremko,
nikakaa chini nikamwacha Wetaka ang'oe majani.

Wa tano alikuja mwenyewe, usiku,
ameshika mkono wa bibi yake.
Bibi akanong'ona, ingawa mjukuu ni kiziwi:
"Ndiko hapa wanakoandikwa?"

Mradi: kuku wa mayai mia moja.
Hakuna aliyetaka kuku.
Tulitaka nepi za mtoto mkubwa,
dawa ya kifafa isiyokatika katikati ya mwezi,
kiti chenye magurudumu yanayoujua mlima.
"Andikeni kuku," akasema Nagudi, akitazama dirishani.
Tukaandika kuku.

Sasa ni Machi. Faili liko wilayani,
au lilikuwa wilayani, au linasubiri sahihi
ya mtu aliyehamishwa.
Akaunti ina elfu ishirini za kuifungulia,
na benki imekwisha kula mbili.

Jumanne tunakutana stoo kwa Gimei,
kwa kuwa sakafu yake ni saruji na haina vumbi.
Tunabishana kuhusu kuku ambao hawapo,
nani atawalisha, nani ataiba mayai.
Watoto wamelala juu ya magunia matupu.
Halafu mmoja ananyoosha kidole kwenye ndoano,
na hapo hakuna kikao tena,
kila mmoja lazima apimwe, apepee, apige kelele.

Neumbe ndiye katibu.
Anaandika jina, anaandika kilo.
Safu ya bei ameiacha wazi.