Kiti Chini ya Dari

Kijana wa duka la madaftari, pale Sokomatola,
ametandaza ukumbi mzima juu ya kaunta:
karatasi ya mirabamiraba, viti mia na arobaini,
kila kiti kijumba chenye namba,
vilivyouzwa vimepakwa wino kama vidole vya wapiga kura.

"Mama Subi, mbele ni elfu kumi na tano.
Hapo utaona mpaka jasho la waigizaji."

Jasho nalijua, Lusekelo.
Nimeuza viazi Mwanjelwa miaka kumi na tisa.
Najua lumbesa inavyofungwa:
vinono vinapangwa juu, vicheke na mteja,
na chini, kwenye kiuno cha gunia,
vile vyenye macho mengi visivyoona kitu.
Sinunui bila kuingiza mkono.

Naingiza mkono.

Safu ya A: shingo itakaa kama ya kuku anayekunywa maji.
C na D ni za wageni rasmi,
huja wamechelewa, huondoka mapema,
viti vyao vinatazama mchezo peke yake.
E ya tatu ni elfu tatu tu, anaisifia.
Iko nyuma ya nguzo!
Kama nataka kutazama nguzo
ninayo moja nyumbani, inashikilia bafu.
Tena mwanangu anaingilia kushoto.

Haya, nimeshasema.

Subilaga yumo.
Ni jirani anayerudisha sufuria aliyoazima.
Sentensi tatu. Nimezihesabu jikoni
akiuambia mwiko, akimwambia paka,
akiuambia mvuke wa ugali.
Ya kwanza ni salamu, ya pili ya sufuria,
ya tatu amekataa kunisomea.
"Utaisikia hukohuko, mama."

Nitaisikia? Huu ni mwezi Machi.
Mvua ya Mbeya haibishi hodi,
inateremka Loleza na viatu vyake
inapanda moja kwa moja juu ya bati.
Mwaka juzi tulifanya kikao cha kikoba ukumbini humo,
mweka hazina akasoma hesabu zote
na sisi tuliokaa mbele kwa heshima
tukaona mdomo unafunguka, unafumba,
kama wa perege ndooni.
Tukapiga makofi.
Tulipigia makofi hasara.
Waliojua ni wale wa nyuma, waliochelewa,
kwa sababu huko, kuanzia H hadi J,
dari haijang'oka.
Mvua inapiga, mbao zinameza.

Kijana anaitazama karatasi yake.
Karatasi yake haina dari.
Aliyepanga bei alishika rula,
akapima safari ya jicho,
sikio hakulipimia kitu.

Basi H ya sita, elfu nne.
Na H ya saba, ya wifi yangu Tumpe,
anayetaka mbele ili apige picha.
Atapigia hapohapo, simu yake inavuta vya mbali.
Katika elfu kumi yangu inabaki elfu mbili:
chai ya tangawizi, vikombe viwili, na kitumbua,
maana baridi ya usiku ule haikati tiketi,
inaingia tu.

"Lipa nusu leo," anasema, "nusu mlangoni,"
na mkono wake unakwenda kwenye penseli.

Penseli naijua pia.
Anakuja bwana wa gari na koti, hana kiti,
kifutio kinatoka droo,
na jina langu linakuwa vumbi la waridi juu ya kaunta.
Fuu. Linapulizwa.

Nimefungua pindo la kitenge. Nimelipa zote.
Nimekishika kile kijumba kwa kidole
mpaka akatafuta kalamu, akaitikisa, ikagoma,
akachukua nyingine.

Andika kwa wino, mwanangu.
Andika polepole.
Ile ya tatu bado sijaisikia.