Bati Namba Kumi na Tisa

Msingi niliuchimba mwaka ule Nyemo alipoanza darasa la kwanza.
Sasa ana ndevu tatu, anazihesabu kwenye kioo,
na nyumba bado haina dari.
Ndivyo tunavyojenga huku Mkonze:
mfuko wa saruji kwa mshahara,
tripu ya mchanga kwa mkopo,
kokoto tumezigonga wenyewe, Jumamosi hadi Jumamosi,
vidole vimevimba kama viazi.

Julai upepo hutoka mashariki
haubishi hodi, umebeba shamba la mtu.
Unatafuna udongo wa jirani kwenye ugali wako.
Matofali yangu mabichi uliyalamba kingo
yakabaki na mabega ya wazee.

Redio ilitangaza kimbunga, huko baharini.
Wakakipa jina zuri, la binti wa kuposwa,
wakasema kitachoka kikifika bara.
Upepo wa kwetu hauna jina
wala mtangazaji wa kuusindikiza.
Unakuja tu,
unauliza ulichofunga umekifunga na nini.

Mabati nilinunua ishirini na nane.
Nikayaandika namba kwa kalamu ya wino mzito,
upande wa ndani,
ili fundi Ndahani asinichezee hesabu.
Ualimu ni ugonjwa.
Ndahani alizisoma, akacheka, akapiga misumari.

Mama akaja kutoka Mvumi kuliona paa.
Akaizunguka nyumba mara mbili.
"Ndefu," akasema.
Yeye kazaliwa kwenye tembe,
paa la udongo, bapa, unaingia umeinama,
na upepo hulipita juu
kama mgeni asiyeuona mlango.
"Lakini lilivuja, mama."
"Lilivuja. Halikuruka."

Januari, Alhamisi, saa nane za usiku,
nipo chumba cha kupanga Chang'ombe, simu ikalia.
Chilewa: "Mwalimu, paa lako linatembea."

Asubuhi kuta zilisimama wazi
kama mdomo wa mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Mabati yalikuwa mtamani, korongoni,
moja limemkumbatia mti wa mwiba.
Watu nisiowajua majina waliyaleta kichwani, wakiyumba,
mtoto mmoja kwa baiskeli.
Nikaita mahudhurio.
Nne. Lipo.
Kumi na moja. Lipo, limekunjika.
Ishirini na sita. Lipo.
Kumi na tisa.

Kumi na tisa.

Ndahani alikuwa anatazama viatu vyake.
Kenchi hakuzifunga kwenye lenta, aliziamini misumari.
Nilimgombeza hadi sauti ikakatika
kisha nikampa chai, maana nani mwingine angepanda tena?
Safari hii nilipanda naye,
na sketi yangu ya kanisani, koleo mkononi,
tukavuta waya kutoka kwenye nondo za lenta,
tukazungusha, tukakaza, tukazungusha.
Matundu ya misumari ya zamani tukayaziba kwa lami.

Machi, natoka kuchota maji,
nyuma ya kwa Sechelela, banda la mbuzi.
Bati limelala juu ya miti minne, tumbo nje,
na juu ya tumbo hilo mwandiko wangu:
moja, na tisa yenye kitambi.
Chini yake mbuzi amezaa jana, mapacha,
bado wanatetemeka magoti.
Sechelela akaniona ninavyotazama.
Akafuta mikono kwenye khanga.
Tukasalimiana kirefu mno:
habari za mtama, habari za mgongo,
habari za mvua zilizokatika.
Ndoo ikanielemea, nikaaga.

Nilinunua bati jingine.
Hilo sikuliandika kitu.

Tumehamia hivyo hivyo, bila dari.
Usiku huu upepo umerudi, unapapasa kona,
Nyemo amelala kama gunia.
Nawasha tochi nasoma juu:
kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane,
halafu pale peupe.
Hapo nasimama kidogo, nasikiliza.
Waya unalia.
Haujakatika.