Kabla ya Saa Sita

Duka langu lina kompyuta tatu na feni moja,
na feni ndiyo kongwe kuliko zote.
Usiku huu wa mwisho wa kujaza machaguo
foleni imefika kwa muuza chai.
Natoza rupia thelathini kwa fomu,
hamsini kama mzazi anataka ushauri.
Wa hamsini ni wachache.

Wengine wamekuja na orodha ya mjomba,
wengine na mjomba mwenyewe.
"Weka chuo chenye jina."
"Weka chenye basi la asubuhi."
"Weka popote, mradi iwe kompyuta,
sitaki kusikia habari za madaraja."
Naweka. Kidole hiki kimewapeleka vijana mia tatu
mahali ambapo mguu wangu haujakanyaga.

Vyuo viwili vina picha moja ya maabara:
msichana yuleyule, miwani ileile,
ila kimoja kimeigeuza,
basi huko anashika kipanya kwa kushoto.
Hakuna anayeuliza.
Nami silipwi kusema.

Saa tatu unusu akaingia Yadagiri, fundi wa mitambo ya kufuma,
vumbi la nyuzi limemganda nyusini,
na nyuma yake Sravanthi,
namba yake ya mtihani kaiandika kiganjani,
elfu kumi na nane, mia nne kumi na mbili,
kana kwamba angeweza kuisahau.

Baba akagusa kioo cha kompyuta:
jengo la vioo, chemchemi, lango refu kama la hekalu.
"Hiki. Nimeshamwambia kaka yangu ni hiki."
Nyumba njema si mlango,
lakini nani amwambie hivyo mtu aliyekwisha kutangaza?

"Hicho kiwe cha pili," binti akasema,
akataja chuo cha serikali
ambacho hata picha hakina.

Feni ikazunguka.
"Umekiona wapi?"
Ikabainika kwamba Jumanne ile, ya daktari wa meno,
alipanda mabasi mawili, akasimama kwenye malango yote mawili.
Hakuuliza ada. Hakuuliza waliohitimu wanalipwa kiasi gani.
Aliwauliza walinzi maabara hufungwa saa ngapi.

Yule wa vioo alisema: saa kumi na moja,
mwalimu akiondoka, na funguo zinaondoka.
Yule mwingine alicheka.
Funguo? Anazo kijana wa mwaka wa tatu,
leo siku ya pili sijamwona akitoka.
Mama yake akimtafuta hunipigia mimi.

Yadagiri akalitazama lile lango la vioo
kwa namna anavyokagua kitambaa,
akitafuta uzi uliokatika.
"Na jino?"
"Halikuwa likiuma."

Miaka kumi na tisa kiwandani,
na ghala hufunguliwa na tajiri tu.
Hilo hakulisema; najua kwa sababu
marehemu baba yangu alifuma mtambo wa jirani.
Akavuta kiti, akakaa.
"Kaka yangu utamwambia wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Nikamsogezea binti kipanya. Akabonyeza mwenyewe.
Wakalipa thelathini, wakatoka wakibishana kuhusu nauli ya Jumanne.

Mwaka jana kiti cha mwisho cha chuo kile
kilichukuliwa na elfu kumi na saba, mia tisa.
Nilijua. Sikusema.
Kukiweka juu hakudhuru kitu,
ndivyo mfumo ulivyo: kikikukataa cha kwanza,
unaangukia cha pili, huko kwenye vioo,
na pengine mwaka huu wenye namba nzuri
watapenda chemchemi.

Saa sita na dakika mbili ukurasa ukagoma.
Nilizima mashine moja moja, nikifuta vipanya kwa kitambaa.
Kwenye kile cha kati palikuwa na wino,
tarakimu ya mwisho tu, mbili,
imegeuka kinyume.
Hicho sikukifuta.