Inua Mkono wa Kulia

Miaka kumi na tisa nilisimama kona ya Barabara ya Nne,
Duluth, theluji ikinichapa usoni,
nikiinua kibao chekundu ili watoto wavuke.
Mkono ukipanda, malori ya magogo yalitii.
Sikuwa na cheo kingine duniani.

Oktoba ile, duka la dawa, kijana Brecken
akanidunga chanjo ya mafua huku akisimulia mpira wa magongo,
timu yake ilivyofungwa dakika ya mwisho.
Sindano ikaingia juu mno, karibu na mfupa.
Nikasema "aa." Akasema "pole," akabandika plasta yenye vikatuni.

Kufikia Jumapili sikuweza kufunga sidiria.
Kufikia Krismasi kibao nilikihamishia kushoto,
na watoto, ambao hawapitwi na kitu, wakauliza:
Bibi Lempi, ule mwingine umefanya nini?

Wakili Quade alinifundisha lugha mpya.
Mimi si mgonjwa, ni mlalamikaji.
Bega si bega, ni "jeraha linalodaiwa."
Hilo *linalodaiwa* nililala nalo miaka mitatu,
kitanda kimoja, ubavu ule ule unaouma.

Daktari wa serikali, ambaye hajawahi kuniona, aliandika
kwamba bega langu lilichakaa zamani,
kama bawaba ya mlango wa banda.
Huenda. Nina miaka sitini na sita; vingapi havijachakaa?
Ila bawaba hii ilikuwa ikifunga na kufungua
hadi Jumanne ile, saa nne na robo.

Nikafanya mazoezi bafuni mbele ya kioo.
Nilijua siku itafika, karani aseme:
Inua mkono wa kulia, uape.
Nami ningeuinua. Ungepanda hadi usawa wa titi, ukagoma,
ukatetemeka hapo mbele ya wote,
na huo ndio ungekuwa ushahidi wangu,
kabla sijatamka neno.

Siku haikufika. Ilifika bahasha.
Kurasa saba. Serikali inakana kwamba chanjo ilisababisha.
Mimi nashikilia kwamba ilisababisha.
Hata hivyo, pande zote zimeridhiana: dola elfu hamsini na nane,
na madai yamekwisha, milele,
pamoja na yale ambayo bado sijayajua.
Nilirudia "hata hivyo" mpaka chai ikapoa.
Neno dogo, lakini ndilo lililolipa.

Wasemao yaliyopita si ndwele
hawajalalia bega hili.

Kutia sahihi hakuhitaji kuinua mkono.
Kalamu huishi chini, mezani, karibu na kikombe.
Nilisaini kwa ule ule wa kulia.
Haukuuma hata kidogo. Hilo lilinikera.

Tumeezeka paa upya. Zilizobaki ziko benki.
Oktoba hii nilirudi duka lile lile,
nikapandisha mkono wa sweta, wa kushoto,
maana mafua yalimuua dada yangu Aili, nami sijasahau.
Brecken hayupo tena. Binti mmoja akanigusa bega kwa vidole viwili,
akapima, akashuka, akapima tena.
Taratibu, nikamwambia.
Huu ndio unaosimamisha malori.